Jina la Mtoto wa Kibibi

Tegeni masikio, na mwenye jibu la haraka alitafune kwanza.

Hospitali moja ilikuwa na chumba kimoja tu cha upasuaji, na mafundi watatu wa kanzidata, lile daftari la ndani ya kompyuta: Tausi hodari wa kuunganisha, Shemsa hodari wa mipaka, na Mkejina hodari wa kukataa. Kibibi, mjamzito aliyeambiwa hatazaa ila kwa kisu, usingizi ulikuwa umemruka. Mwaka uliotangulia dada yake alipangiwa chumba hicho hicho, akamkuta mezani mwingine aliyepangiwa saa ile ile. Akangoja hadi mtoto akamfia tumboni. Kibibi akawaendea wale watatu akilia.

"Nyamaza, shoga yangu," akasema Tausi. "Kompyuta yetu inaandika mwanzo wa upasuaji huku na mwisho wake kule, kama watu wasiojuana." Akavifanya kitu kimoja, kipindi, ili kila kipindi kiweze kulinganishwa na kingine.

Shemsa akasema, "Saa ya kuanza iwe ya mgonjwa, lakini saa ya kwisha iwe ya anayefuata." Akauweka mpaka huo, anayetoka saa sita asigombane na anayeingia saa sita.

Mkejina naye akaketi kwenye kompyuta. Alilitia jedwali la vipindi sharti: vipindi vya chumba kimoja vikipandana hata dakika, cha pili kikataliwe, hata akilete nani.

Siku ikafika. Kibibi alipangiwa saa sita, nyuma ya mgonjwa wa saa nne hadi saa sita. Asubuhi akaja tajiri aliyetaka kupasuliwa ngiri, naye akaitaka saa sita hiyo hiyo. Karani akaandika, kompyuta ikakataa, akarudia, ikakataa. Kibibi alikaa kwenye benchi akisokota pindo la kanga, roho juu. Saa sita akaitwa, na mtoto wa kike akazaliwa salama.

Siku ya saba, ya kumnyoa mtoto, Kibibi alitaka kumpa jina la aliyemwokoa. Mumewe akamwonya, "Moja tu! Mtoto si punda wa kubebeshwa majina matatu."

Wale watatu, walioalikwa, wakaanza kutaniana, na utani ukaota miba.

"Bila kipindi changu, hilo sharti lingelinganisha nini?" akasema Tausi.

"Bila mpaka wangu," akasema Shemsa, "saa sita yake ingegongana na ya mgonjwa wa kwanza, akaambiwa arudi kesho."

"Na bila sharti langu," akasema Mkejina, "mezani angelala tajiri."

Wembe umeshalowekwa. Bibi wa mtoto anauliza, "Haya, tumwite nani?" Kibibi anawatazama mmoja mmoja. Anaogopa kuwakosea wawili kwa kumshukuru mmoja.

Nanyi mliokaa hapa, mtoto ni mmoja na jina ni moja. Je, wewe ungemwita nani?