Kilima cha Udongo

Rigobert alikuwa bingwa wa kuchekesha. Katika kanisa la Wakongomani pale Roseville, Marekani, ibada ilipokwisha, watu walimzunguka wamsikie akisimulia ujana wake kwenye kilima cha madini ya bati, mashariki mwa Kongo: jinsi walivyoteleza matopeni kama bata, na jinsi mwenzake alivyouza kiatu kimoja akabaki na kingine. Watu walicheka hadi mbavu zikawauma. Bintiye Bernardine alicheka kuliko wote, akiamini kwamba baba yake alikwisha kuyasahau machungu ya huko.

Bernardine alisomea mambo ya kale katika chuo kimoja mjini Saint Paul. Muhula ule alizama katika habari za ngome moja ya kilimani huko Cornwall, Uingereza, nchi ya madini ya bati vilevile. Zamani sana, kabla ya maandishi kufika huko, watu waliishi juu ya kilima hicho na mifugo yao bila ukuta wowote. Baadaye wakachimba mahandaki na kupandisha kuta za mawe. Wairimu, muuguzi Mkenya aliyewalea vijana wa kanisa, alipomwomba awaeleze hayo, Bernardine alifurahi mno, akafinyanga kilima kizima kwa udongo.

"Papa, utakuja unisaidie kusema?"

"Weye sema tu, mama. Miye nitakuja kukusikiliza," Rigobert alimjibu, kisha akauliza habari za chakula. Mwenye kusikia angesikia. Binti hakusikia.

Jumamosi ukumbi ulijaa. Bernardine alieleza vizuri mpaka alipofika penye swali gumu: kwa nini watu wale walijizungushia ukuta?

"Wataalamu wanabishana bado," alisema akitabasamu, "lakini papa yangu alichimba bati. Papa, kuja mbele! Uwaonyeshe na lile kovu la mkononi ulilolipata machimboni!"

Makofi yakalipuka. Na katika kanisa lile, mtu akishapigiwa makofi, kubaki kitini ni kama kumnyima Mungu utukufu. Rigobert akasimama.

Watu walianza kucheka kabla hajafungua kinywa. Yeye alikitazama kile kilima, vijumba vyake na vishimo vyake, akaugusa ukuta kwa kidole.

"Siye hatukukuwa na ukuta," alisema. "Bale ba bunduki balipanda asubuhi. Mudogo yangu Eliezer alikuwa mu shimo. Nilimuita. Nilimuita sana..."

Akapiga magoti palepale, akalia kwa sauti kama mtu aliyepokea habari za msiba sasa hivi.

Kicheko kikakatika. Bernardine aliingiwa na uchungu usio na kifani, kwa kuwa maisha yake yote hakuwahi kusikia kwamba alikuwa na baba mdogo aitwaye Eliezer. Alimwendea baba yake, akaketi naye sakafuni, akamshika ule mkono wenye kovu.

"Papa, unisamehe. Sikujua."

"Ungejua namna gani, mama? Nilikuwa nabachekesha ili musiniulize."

Wairimu aliwatoa vijana nje polepole, akafunga mlango. Bernardine akauliza lile moja lililomjia: Eliezer alikuwa mtu wa namna gani? Rigobert akaanza kusimulia, na safari hii hakutafuta kumchekesha mtu.

Mwenye kovu usidhani kapoa.