Kigoda Kimoja Barazani kwa Bi Mwantumu

Sogeeni, na mwenye kutaka kukohoa akohoe sasa. Hadithi hii ina watu watatu na kigoda kimoja, na mwisho wake mtaumaliza ninyi.

Katika mji wa Kwamgodi walikuwapo watu watatu, kila mmoja na kipaji chake.

Sefu Kibwana alikuwa na jicho. Kazi yake ilikuwa kupiga picha. Ukimpelekea picha ya harusi yenye umati wa watu, atakuonyesha ni nani aliyevaa viatu vya kuazima.

Mwalimu Nasra alikuwa na sikio. Alifundisha Kiswahili darasa la nne, na tusi likinong'onwa dawati la nyuma alilisikia akiwa ameelekea ubaoni.

Chande alikuwa na ulimi. Yeye ndiye aliyekuwa dijei wa banda la video. Filamu ikija kwa lugha ya kigeni, alishika kipaza sauti akaisema upya kwa Kiswahili. Jambazi alimpa sauti ya muuza dagaa wa sokoni, na polisi alimkohoza kama mwenyekiti wa mtaa. Palipokuwa na kimya alikijaza, maana kwa kazi ya dijei kimya ni aibu. Watu walisema filamu ambayo haijapita kwa Chande haijafika Kwamgodi.

Mwaka huo darasa la nne waliahidiwa kupelekwa kuiona bahari. Mvua ikaondoka na daraja, safari ikafa. Mwalimu mkuu akaona afadhali watoto waonyeshwe filamu kuliko kurudi nyumbani mikono mitupu. Chande alikuwa nayo moja ya vichekesho: baba, mama, watoto na babu yao, ndani ya gari bovu, wanakwenda harusini nchi ya mbali.

"Safari kwa safari," Chande alisema. "Watasahau hata hiyo bahari."

"Mwaka jana mlionyesha watu wakibusiana, nikaitwa kujieleza mbele ya wazazi," mwalimu mkuu akajibu. "Hii ipimwe kwanza. Sefu atazame, Nasra asikilize, Chande atafsiri. Mkiniambia wote watatu kwamba inawafaa watoto, nitafungua darasa."

Wakaipima studioni kwa Sefu, pazia limeshushwa.

Sefu alitazama. Palipokuwa na busu alikata. Palipokuwa na chupa ya pombe juu ya bodi ya gari alikata. Palipokuwa na mama wa watu na nguo ya kuogelea alikata mara mbili, wenzake wakamcheka. Ikafika sehemu ya babu. Babu huyo alikuwa amepotewa na kumbukumbu. Kila gari liliposimama sheli kutia mafuta, alishuka akaingia gari la watu wengine. Familia wakachoka, wakamvika shingoni kengele ya mbuzi. Sefu alisimamisha picha hapo, akaitazama kengele.

"Hii vipi?"

"Kavaa nguo zote," Chande akasema.

Sefu akaiacha ipite.

Nasra alisikiliza. Alimtaka Chande aseme "mjinga" badala ya neno zito zaidi, kisha akaliondoa na "mjinga". Mzaha wa mama mkwe aliukataa. Ila babu wa kwenye filamu hakusema neno lolote tangu mwanzo hadi mwisho, na sikio halina la kupima kwa mtu asiyesema. Kitu kimoja tu kilimsumbua: baada ya Sefu kukata alivyokata, sehemu ya babu ilibaki ndefu na kimya.

"Watoto watachoka hapa, wataanza kupigana," alisema. "Mjazie huyo babu maneno, Chande."

"Maneno gani, Mwalimu?"

"Yoyote. Yasiwe matusi."

Chande akatafsiri. Siku ya majaribio alimjazia babu mguno na kikohozi, basi. Alisema utamu wa dijei huja watu wakiwa mbele yake. Wote watatu wakamwambia mwalimu mkuu kwamba filamu inawafaa watoto.

Sasa mjueni na mtu wa nne, ambaye hakuitwa kupima kitu. Mzee Hizza alisambaza mikate Kwamgodi kwa baiskeli tangu ujana wake hadi nywele zikawa nyeupe. Baiskeli iliuzwa zamani. Kumbukumbu nayo ikaondoka, ila hiyo baiskeli haikumtoka. Alizunguka mji na koti lake, akaingia ua wowote ulio wazi, akauliza: "Jamani, nani kachukua baiskeli yangu? Mikate itapoa." Na mji mzima ulijua jibu lake: "Ipo kwa fundi, mzee, inatiwa upepo." Naye husema "Haya," akaenda ua wa pili. Watu walicheka akishapita. Mjukuu wake, Tunu, alisoma darasa la nne kwa Mwalimu Nasra. Saa za kutoka shule yeye ndiye aliyemtafuta babu yake, akamshika mkono, wakarudi kwa bibi, Bi Mwantumu.

Siku ya filamu darasa lilijaa. Madirisha yalizibwa kwa khanga. Mzee Hizza, ambaye hupita popote, akaja akakaa kwenye ngazi ya mlango. Nasra alimwona akampa kiti, kwa heshima. Chande alikuwa mbele, mgongo kwa mlango, hakumwona.

Watoto walicheka gari lilipozimika, wakacheka baba aliposukuma peke yake. Ikafika sheli ya kwanza. Babu akashuka, akafungua mlango wa gari la watu, akachungulia. Darasa likatulia likingoja. Chande akavuta pumzi, na sauti iliyotoka kinywani mwake ilikuwa ya Mzee Hizza.

"Jamani, nani kachukua baiskeli yangu?"

Darasa lilipasuka kwa kicheko. Chande, aliyezoea kuchochea moto ukishika, akaongeza: "Mikate itapoa." Babu akavikwa kengele. Mtoto mmoja akapiga kelele, "Ipo kwa fundi!" na wengine wakadakia, vichwa vimegeuka kumtazama Tunu.

Tunu hakuwatazama. Alimtazama mwalimu wake.

Na Mwalimu Nasra alikuwa anacheka. Sauti ilikuwa imeigizwa barabara, kicheko kikamtoka kabla hajajua anamcheka nani. Alipokutana na macho ya mtoto, mdomo ulikuwa bado wazi. Akaufunga. Hakusema "nyamazeni". Sikio linalosikia tusi la mnong'ono lilishindwa kuupa ulimi kazi.

Pale mlangoni Mzee Hizza aliinuka, akaikazia macho picha ukutani. "Maskini," alisema, "na yeye kaibiwa." Kicheko kikazidi. Tunu akasimama, akapita kati ya madawati, akamshika babu yake mkono, wakatoka. Filamu iliendelea mpaka harusini.

Siku iliyofuata dawati la Tunu lilikuwa tupu, na ya pili vilevile. Siku ya tatu wale watatu wakaenda kwa Bi Mwantumu na sukari ndani ya mfuko. Walipiga hodi. Bibi akatoka hadi kwenye ua, akasimama hapohapo.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Mmekuja kuposa?"

"Hapana, bibi. Tumekuja kukuomba radhi," Sefu akasema.

"Watatu?"

"Tuliifanya kazi pamoja."

"Radhi haibebwi kama jeneza, huyu kashika huku na yule kule," Bi Mwantumu akasema. "Rudini na sukari yenu. Kesho baada ya alasiri nitaweka kigoda kimoja pale barazani. Aje mwenye kosa, akae, aseme na Tunu. Wengine wabaki makwao. Akija mwenye kosa, mtoto atarudi shule. Akija mwingine kwa kutumwa, nitamjua, na Tunu nampeleka kwa mjomba wake Handeni, akasome kusikojulikana babu yake."

"Utamjuaje, bibi?" Chande akauliza.

"Mwanangu, naishi na mtu asiyelikumbuka jina langu. Anayenijia kwa moyo na anayenijia kwa miguu tu, nawajua."

Walirudi studioni. Mwanzoni kila mmoja alimwona mwenzake.

"Sauti ni yako, Chande," Sefu akasema. "Mimi sikuigiza mtu."

"Na picha ni yako. Jicho lako liliona mzee kavishwa kengele ya mbuzi, ukasema ipite. Ulikata chupa ya bia, mzee ukamwacha na kengele yake. Na mimi niliambiwa nijaze. Mwalimu, nilijijazia mwenyewe?"

Nasra akausogeza pembeni mfuko wa sukari.

Kisha aibu ikawageukia, kila mmoja na ya kwake. Sefu akasema kwa sauti ndogo, "Ile kengele niliiona. Nilimkumbuka Mzee Hizza palepale. Nikaogopa kuchekwa tena kwamba nakata kila kitu." Chande akasema sauti za sokoni huwa hazina mwenyewe, ndivyo alivyofikiri, mzee aliyempa mkate wa bure utotoni hakumjia akilini, sauti yake tu ndiyo iliyomjia. "Mimi nimeishi kwa sauti za watu," alisema. "Sijawahi kumwomba mtu hata moja."

Wakamtazama Nasra.

"Mimi ndiye niliyesema ajaziwe maneno," alisema.

Hilo walilijua. Lile la pili hawakulijua, maana Sefu alikuwa kwenye projekta na Chande kwenye kipaza sauti. Aliyemwona akicheka ni mmoja tu, na huyo yuko nyumbani kwa bibi yake. Nasra alifungua mdomo kulisema. Akaona ugumu wa kulisema mbele ya wenzake wawili, akajiuliza litakuwaje mbele ya mtoto. Akaufunga, kama siku ile.

Kesho yake baada ya alasiri, hakuna aliyemtuma mwenziwe, na wala hakuna aliyebaki kwake. Walikutana kwenye kona kabla ya nyumba, Sefu, Nasra na Chande, kila mtu kaja kwa njia yake. Kutoka pale baraza ilionekana. Ilikuwa imefagiwa. Kigoda kilikuwapo, kimoja, na mkabala nacho Tunu amekaa mkekani, sare ya shule mwilini, macho njiani. Ndani ya nyumba mzee alisikika akiuliza swali lake, na safari hii hakuna aliyemjibu.

Haya. Sefu aliiona kengele na akanyamaza. Nasra alitaka kimya kijazwe, na mtoto alipomtafuta, akamkuta kwenye kicheko. Chande alichukua sauti ya mtu na kuwauzia watu wake. Ungemtoa mmoja, lisingetokea. Na ninyi mlio hapa, wapo waliotabasamu niliposema mikate itapoa. Hao nao waamue wakijua hivyo.

Kigoda ni kimoja, na mtoto anangoja. Je, wewe ungemkalisha nani?