Duka Lisilo na Baba

Palikuwa na Liwali katika mji wa Mkongweni, Liwali Khalfani, mtu mpenda haki kupita kiasi. Haki za wenzake alizipenda mpaka akazichukua zote, akakaa nazo nyumbani kwake.

Basi bwana huyu alitoa amri. Mgeni yeyote anayetaka kufungua duka Mkongweni aseme kwanza duka lake ni la namna gani. Likiwa tawi la duka la kwao, hilo ni geni, na nusu ya bidhaa inabaki forodhani kwa Liwali. Likiwa la ubia na mwenyeji, nusu ni ya mbia. Na mbia huteuliwa na Liwali, naye kila mara hujiteua mwenyewe, maana mtu mwaminifu kumpita hajamwona. Njia ya tatu ilikuwepo pia: duka lihesabiwe mzaliwa wa mji, lenye jina lake na mali yake, lisitozwe kitu. Hiyo aliiandika babu yake Liwali, na hakuna mgeni aliyeambiwa kuwa ipo.

Msicheke mapema. Fundi wa mabirika alichagua ubia, akarudi kwao na vifuniko.

Ndipo akaja Mwanakombo, mjane, mpika halua kutoka ng'ambo. Mwanamke ana mdomo huyo, we acha tu! Lakini kwao alikuwa ameuza nyumba ili alipe nauli na kununua sufuria kubwa ya shaba. Akishindwa hapa hana pa kurudi. Nawaambia mapema mjue kwamba hakuja kucheza.

Siku ya Ijumaa baada ya swala akaitwa barazani. Watu wamejaa hadi ngazini. Kadhi amekaa pembeni, anasinzia. Sinia mbili za halua zimewekwa mbele ya Liwali, eti zikaguliwe.

"Shikamoo, Bwana Liwali."

"Marahaba. Tawi au ubia?"

"Tawi la nini, Bwana? Kwetu sina hata kibanda."

"Basi ubia."

"Alhamdulillahi. Mbia wangu atakoroga asubuhi au jioni?"

"Akoroge nini?"

"Halua, Bwana. Unashika mwiko alfajiri, unauachia jua likiwa utosini. Ukipumzika kidogo tu imeungua, na lawama yote unaipata wewe."

Liwali akaitazama mikono yake, laini mithili ya maandazi. "Mbia wako atakaa."

"Cha kukaa ninacho, Bwana. Nina kigoda."

Watu wakaanza kukohoa, kila mmoja kashikwa na kifua ghafla.

"Mwanamke, una ulimi wewe!"

"Ndio ninaoonjea halua, Bwana. Mimi nataka ile njia ya tatu."

"Nani kakwambia ipo ya tatu?"

"Ubao wa forodhani. Askari wako waliniweka pale siku mbili, nikakosa la kufanya, nikausoma wote mpaka chini."

Liwali akamkata karani jicho. Karani akatazama dari. Kisha Liwali akatabasamu, na tabasamu lile wenyeji walilijua, wakasogea nyuma kidogo.

"Vyema. Duka lako ni mzaliwa wa hapa. Jina lake?"

"Tamu ya Mkongweni."

"Mali yake?"

"Sufuria, mwiko, na halua hiyo. Tangu leo ni mali ya duka, si yangu."

"Baba yake nani?"

"Baba, Bwana?"

"Mzaliwa wa mji huu lazima awe na baba wa kumsimamia. Wewe mgeni, huna sauti. Baba yake yuko wapi?"

"Aliyelifikiria duka hili ni marehemu mume wangu. Alifariki mwaka jana, Mungu amrehemu."

"Kumbe yatima!" Liwali akajipiga paja kwa furaha. "Maskini weee! Na yatima wote wa mji huu mlezi wao ni mimi. Mali zao zote zimo mkononi mwangu."

Msidhani Mwanakombo hakuogopa. Nyumba yake yote ilikuwa ndani ya sufuria ile.

"Kama ni hivyo, Bwana, karani aandike. Yasije yakageuzwa kesho."

"Andika, karani! Duka la Tamu ya Mkongweni ni yatima, na mlezi wake ni Liwali Khalfani. Lete muhuri."

Muhuri ukagongwa, pa! Liwali akavuta sinia, akamega donge la halua kubwa kama ngumi, akalitia lote kinywani.

"Sheikh," Mwanakombo akamgeukia Kadhi, "samahani kwa kukuamsha. Mlezi anaruhusiwa kula mali ya yatima?"

Kadhi akazinduka. Swali lenyewe hata watoto wa chuoni wanalijua, naye hakuwa ameona nani anatafuna nini.

"Mlezi tajiri? Astaghfirullahi, hata punje! Labda awe fukara, hohehahe, hana mbele wala nyuma. Huyo atakula kidogo, kwa kadiri ya njaa yake."

Baraza zima likamgeukia Liwali. Liwali akasimamisha taya. Shavu limemvimba, samli inamchuruzika ndevuni, macho yanakwenda huku na huku. Kutema mbele ya watu ni fedheha, na kumeza haiwezekani, kila mtu anamtazama koo.

Mwanakombo akaichovya kalamu katika wino, akampa karani kwa adabu zote.

"Bwana asiharakishwe, atafune taratibu," akasema. "Akitema, nabeba sinia za yatima nikafungue duka. Akimeza, wewe andika hapo chini ya muhuri wake: Liwali wetu ni fukara."