Pua Moja, Firigisi Moja

Sogeeni. Mwenye mtoto amnyonyeshe, mwenye jibu alifiche mpaka nimalize, maana kisa hiki kimenichosha.

Hospitali moja ilikuwa na watu watatu hodari. Mwanahawa alipiga picha za CT, zile zinazoonyesha ndani ya mwili, na kipaji chake kilikuwa kutuliza watu. Daktari Kombo alizisoma picha hizo, na jicho lake halikupitwa na kitu hata kiwe chembamba kama unywele. Daktari Nasra alikuwa mpasuaji, mkono wake mwepesi kama wa mtu anayemfunika mtoto aliyelala.

Akaja Salhina. Pua yake ilikuwa imeziba miaka mingi. Usiku alilala ameketi, na tangu ajifungue hakuwahi kusikia harufu ya utosi wa mwanawe.

"Vua kipini, mwanangu," Mwanahawa alimwambia. "Kitaharibu picha."

"Nivue kipini na mume wangu yu hai? Kwetu anayevua ni mjane!"

Mwingine angemfukuza. Mwanahawa akakinga kiganja. "Nipe nikivae mimi. Mumeo hatakosa mke, atazidishiwa."

Salhina akacheka mpaka akakivua. Akalala bila kutikisika, picha ikatoka safi.

Kombo akapima. Akapima njia za hewa, akapima uvimbe uliozijaza, akapima mfupa uliopinda katikati, akapima paa la pua, lile linaloitenga na ubongo.

"Umeshapima kushoto," daktari mwenzake wa zamu akamwambia. "Kulia ni vilevile."

"Nani kakwambia?"

Akapima upande wa kulia pia. Paa la huko lilikuwa limeshuka chini zaidi, jembamba kama ganda la yai. Akaliwekea alama nyekundu.

Nasra akapasua. Upande wa kulia uvimbe ulikuwa umepanda mpaka juu, na damu ilimzibia njia. Kifaa kingeteleza kidogo tu, kingeingia kwenye ubongo. Akaikumbuka alama, akasimamisha mkono, akangoja damu ipungue. Kisha akautoa uvimbe kidogo kidogo, paa lisiguswe.

Pumzi ilirudi. Harufu, walimwambia, ingekuja taratibu.

Mama mkwe wa Salhina, Bi Riziki, akawaalika wote watatu, akachinja kuku. Kwao firigisi haikatwi. Huliwa na mgeni mmoja, yule aliyetenda jambo kubwa kuliko wenzake. Hapo ndipo balaa lilipoanza.

"Picha ingeharibika, ungepima nini?" alisema Mwanahawa.

"Na bila kipimo, huyu angetoboa paa!" alisema Kombo.

"Kumbe kipimo ndicho kilichopasua?" alisema Nasra.

Jamani! Watu wenye wema ule, wanagombea kinyama kisichojaza hata kiganja!

"Nyinyi ni matabibu au ni paka?" Bi Riziki akafoka. "Kuku anapoa!"

Ghafla Salhina akasimama, mtoto mkononi. "Mama, wali unaungua!"

Hakuna mwingine aliyekuwa ameisikia harufu ile. Bi Riziki alikimbilia jikoni, akarudi na sufuria, machozi yakimtoka, naye hakujali ukoko. Salhina akauinamia utosi wa mwanawe, akavuta pumzi. Hakuinuka upesi.

Alipoinua uso, firigisi ilikuwa palepale, na wale watatu walikuwa bado wanakodoleana macho.

Bi Riziki akamsukumia sahani. "Pua ni yako, mwanangu. Mimi nimechoka. Gawa wewe."

Salhina akaishika sahani, akamtazama huyu, akamtazama yule, mkono ukabaki hewani.

Mimi pia nimeshindwa. Basi wewe uliyenyamaza muda wote huu, ipokee sahani: ungempa nani?