Nani Alimsitiri Mwalimu Saumu?

Hadithi njoo, na mwenye simu aiweke chini kwanza.

Walikuwapo Tanga watu watatu. Shangazi Mize alikuwa na jicho lisilopitwa na kitu, Bakari muuza vipuri alikuwa na kifua cha kusema kweli hata ikimuuma, na wakili Neema alikuwa na ulimi. Wote walikuja kumfaa Saumu, mwalimu wa chekechea.

Mtu mmoja aliiamrisha kompyuta imtengenezee mwili wa uchi, kanga imeteremka kiunoni, akaubandika uso wa Saumu, akaituma picha mtaani. Watu wazima, wenye mama na dada, wakaipokea, wakacheka, wakatumiana. Hata haya hawakuona. Mkuu wa shule akamwambia Saumu akae nyumbani kwanza. Saumu alikasirika mpaka machozi yakakataa kutoka.

Kesi ilipofika polisi, Shangazi Mize akaitazama kanga wakati wengine wakitazama mengine. "Kanga hii haina jina," akasema. Maandishi yake yalikuwa vijiti vitupu, hayasomeki kwa lugha yoyote, na kanga gani isiyosema kitu? Hapo polisi wakakubali kwamba picha ni ya kutungwa.

Bakari akaenda kituoni mwenyewe, akasema aliyemtumia picha ile ni Kassimu, yule aliyemposa Saumu akakataliwa. Akakiri mbele ya mkewe kwamba aliicheka, ingawa hakumtumia mtu. Bila yeye wangemshtaki nani?

Mahakamani Kassimu hakukana. Alisema sheria inakataza kusambaza utupu wa mtu, na utupu ule si wa Saumu. "Chake nini hapo? Ni kichwa tu," akasema, tena anatabasamu. Saumu alitamani kumrukia.

Wakili Neema akasimama. "Mheshimiwa, mwili huo hauna mwenyewe. Aibu imekaa usoni, na uso huu una jina."

Hakimu akaisoma sheria upya, akamtia Kassimu hatiani.

Saumu akarudi darasani. Akanunua doti ya kanga, imeandikwa *Semeni mtachoka*, ampe aliyemsitiri. Shangazi akasema ni yake, maana bila jicho lake picha ingebaki ya kweli. Neema akasema bila ulimi wake Kassimu angetoka anacheka. Bakari, ambaye mkewe alikuwa hajasema naye tangu siku ile, hakudai kitu. Saumu akamtazama, hasira ikampanda: huyu naye alicheka. Lakini wangapi walicheka, wakanyamaza?

Doti ni moja, wao ni watatu, na pea ya kanga haigawanywi mara tatu. Haya, nyinyi mliokaa hapa, mngempa nani? Na kabla hujajibu, wewe picha ile ilipokufikia, ulifanyaje?