Majivu Kwenye Sakafu ya Ghala

"Nyayo kwanza, mtego baadaye." Leo mmemsikia mwenye kinu cha kusaga akiwaambia hivyo vijana wenzenu waliotaka kumpiga mtu kwa sababu ya mfuko uliopotea, nanyi mmekuja kuniuliza msemo huo ulitoka wapi. Mmeuliza mahali panapofaa, kwa sababu ulizaliwa katika boma la babu yangu. Chanzo chake ni hiki.

Babu yangu Mwandoe alilima kwenye miteremko ya Taita, na mahindi yake ya mbegu yalijulikana vijiji vitatu. Yalivumilia jua kuliko mbegu za wengine. Kila msimu wa kupanda, jamaa walikuja kuchukua kwake. Aliyahifadhi katika ghala lililoinuliwa juu ya nguzo sita, ndani ya matenga matano, bila kuyapukuchua.

Mwaka mmoja, mwezi mzima kabla ya mvua, alifungua mlango wa ghala akakuta tenga la kwanza limebaki magunzi matupu. Baada ya siku nne, tenga la pili nalo likawa hivyo hivyo. Babu hakutaka kuambiwa mwizi ni nani. Alfajiri moja alikuwa amemwona fungo, yule mnyama wa usiku anayefanana na paka mkubwa, akikatiza nyuma ya ghala, madoa yake na mkia wake mnene, na hilo lilimtosha.

"Ni yule fungo," alisema. "Nimemwona kwa macho yangu."

Alinunua sumu sokoni, akaipaka kwenye utumbo wa mbuzi, akautupa chini ya ghala.

Fungo hakuugusa. Aliyeula ni Chui, mbwa wa jirani yake Nyambu. Nyambu alikuwa mchungaji na mkulima, na bila mbwa yule asingeweza kuwazuia nyani wasishuke kwenye shamba lake. Alimkuta amekufa kando ya kijito, povu mdomoni, nyayo zake zikitoka chini ya ghala la babu. Hakupiga kelele. Alikuja hadi mlangoni kwa babu, akasema, "Mwandoe, tumelima pamoja miaka kumi na miwili. Mwaka huu lima peke yako." Akaondoka.

Babu aliumia, lakini alikuwa mtu wa kujiamini, na mtu wa namna hiyo akikosea huongeza nguvu kulekule alikokosea. Akaenda kwa mhunzi kuagiza mtego wa chuma, mkubwa wa kuvunja mguu wa ndama. Wakati huo tenga la tatu lilikuwa limeisha. Yalibaki mawili.

Hapo ndipo dada yake mkubwa, Mkawasi, alipofika kutoka kwa mumewe kuja kusaidia kupanda. Alimkuta babu akipigilia mnyororo wa mtego kwenye nguzo.

"Unamtega nani?" akamuuliza.

"Fungo, dada."

"Umeziona nyayo zake ndani ya ghala?"

"Nimemwona mwenyewe."

"Ulimwona nje, anapita. Mimi nauliza habari za ndani."

Mkawasi akapanda ghalani, akaokota punje chache na vipande vidogo vyeusi sakafuni, akashuka nazo kiganjani. "Tazama. Zimetobolewa kwenye kiini tu, kwingine zimeachwa. Fungo ana meno ya kuchagua hivi? Na hivi vyeusi mfano wa punje za mchele, umedhani ni nini?"

"Vumbi," akasema babu, lakini sauti yake ilikuwa imepungua.

Jioni ile Mkawasi alichekecha majivu ya jikoni, akayatandaza sakafuni mwa ghala, membamba, sawasawa. Asubuhi akamwita ndugu yake. Majivu yalikuwa yamejaa alama. Nyayo ndogo ndogo, si kubwa kuliko ukucha wa kidole gumba, mamia kwa mamia, na katikati yake mistari myembamba ya mikia iliyoburutwa. Njia yote ilifuata ukuta mmoja, ikaishia kwenye tundu pembeni. Nje ya tundu lile babu alikuwa amepanga kuni zake, zikafika hadi sakafu ya ghala.

"Umewajengea panya ngazi," Mkawasi akasema.

Babu alikaa chini palepale. Akasema, "Basi nimemuua mbwa wa Nyambu bure."

"Ndiyo. Inuka, tuondoe kuni."

Chini ya kuni walikuta viota vya nyuzi za magunia, na panya wakatawanyika. Mtego wa chuma ukarudishwa kwa mhunzi. Tundu lilizibwa kwa vipande vya chupa na udongo wa mfinyanzi. Madebe yalikatwa na kukunjwa kuzunguka kila nguzo mfano wa faneli iliyopinduliwa, ili apandaye ateleze. Mitego midogo iliwekwa kandokando ya kuta, panya wanakopenda kupita, na Mkawasi akaazima paka. Baada ya siku tisa majivu yalibaki meupe, bila alama. Matenga mawili yalipona.

Kisha babu alikwenda kwa Nyambu, akiwa na tenga moja kati ya yale mawili kichwani. Alilitua mlangoni.

"Nimemuua mbwa wako kwa kosa la panya," akasema.

Nyambu akalitazama tenga. "Kosa halikuwa la panya, Mwandoe."

"Halikuwa lao," babu akakubali. "Lilikuwa langu. Nilitega kabla ya kutazama chini."

Mvua ya kwanza iliponyesha, Nyambu alikuja na jembe lake begani, akaanza mstari wa pili kando ya babu kama miaka yote.

Mwaka uliofuata mihogo ya Nyambu ilifukuliwa, na watu wakabeba mikuki wakidai ni nguruwe wa kijana mmoja aliyewafuga kando ya mto. Nyambu akawasimamisha kwenye kingo za shamba. Akapiga magoti, akatazama udongo, akaokota mwiba mrefu wenye pete nyeusi na nyeupe. Nungunungu. Akauinua ili wote wauone, akawaambia maneno ambayo babu yangu alikuwa akiyarudia tangu siku ya majivu, na tangu hapo kijiji kizima kikayachukua:

"Nyayo kwanza, mtego baadaye."