Pimbi na Usiku wa Kwao

Paukwa!

Pakawa!

Mbona mnaitikia kama kuku walionyeshewa? Paukwa!

Pakawa!

Haya, sasa mmeamka. Hapo zamani za kale, juu kabisa mlimani, karibu na theluji, aliishi Pimbi. Mnamjua pimbi? Ni kama sungura aliyenyimwa masikio, na mkia hana. Alikaa pangoni na ndugu zake wengi pamoja na mama yao mzee.

Mama Pimbi alizaliwa chini, kwenye migomba. Kuolewa ndiko kulikompandisha. Sasa magoti yamekakamaa, meno yamekwisha, na hamu yake ni moja tu: ndizi mbivu.

"Nionje tu kabla sijafa," alisema.

Pimbi aliwahi kumletea moja mdomoni. Ilifika uji mtupu, na nusu alikuwa ameshaimeza mwenyewe.

Basi akashuka, tuku tuku tuku, mpaka kwa Ngedere, mwenye migomba.

"Shoga, nipe chipukizi la mgomba. Nataka kumpandia mama mlangoni."

"Huko kwenu kuna joto?" akauliza Ngedere.

"Joto tele. Kila asubuhi tunaota jua juu ya mwamba mpaka tumbo linaungua."

Akapewa. Akaliburuta, kru, kru, kru, akalipanda, akalimwagilia maji. Asubuhi akalikuta jeusi, limelala chini. Akashuka tena, akapewa la pili. Kru, kru, kru. Nalo likafa.

Mara hii alishuka na hasira.

"Ngedere, unanipa mabovu. Mama yangu anakwisha, wewe unanichezea."

Ngedere hakujibu ukali kwa ukali. "Huo mgomba unalala wapi?"

"Nje."

"Na wewe?"

"Pangoni, katikati ya ndugu zangu."

"Basi, shoga yangu, usiku wa kwenu huujui."

Ilikuwa kweli. Pimbi wote hawatoki pangoni mpaka jua lipande. Amezaliwa pale, amekulia pale, na usiku wa pale hajauona hata mara moja.

Siku iliyofuata akatoka kabla ya jua. Ardhi ikalia chwa, chwa, chwa chini ya miguu yake. Umande ulikuwa umeganda, nyasi zote nyeupe. Akautazama mmea mmoja mnene wa huko mlimani, ambao mchana huwa anajikinga kivulini pake. Ulikuwa umefumba majani yake yote, umeukumbatia moyo wake, vilevile kama wao wanavyokumbatiana pangoni. Pimbi akatetemeka, na si kwa baridi peke yake. Kumbe kila usiku jambo kubwa namna hii hupita mlangoni kwao, nao wamelala.

Jua likachomoza. Akatazama chini, akauona mlima kama hajawahi kuuona: nyasi za kijivu, chini yake mianzi, chini yake msitu mweusi, na chini kabisa kijani cha migomba. Mlima umejifunga kanga juu ya kanga, na kila kanga ina baridi yake. Machozi yakamtoka. Akaingia pangoni.

"Mama, mgomba hauwezi kupanda huku juu. Twende tushuke."

"Na magoti haya?"

"Polepole. Kila penye mwamba wa jua tutapumzika."

Wakashuka. Wakaota jua, wakashuka. Wakafika kwenye mianzi, na Mama Pimbi akaliachia bega la mwanawe. Wakafika msituni, magoti yaliyokakamaa yakakunjuka. Walipofika kwenye migomba, mama alikuwa ametangulia mbele, na Pimbi ndiye aliyekuwa akihema.

Ngedere akamenya ndizi. Mama Pimbi akala taratibu, macho amefumba.

"Kumbe sikuwa mzee sana," akasema. "Nilikuwa nasikia baridi."

Jioni akakataa kuingia ndani. Akalala nje, chini ya mgomba, mpaka asubuhi.

Nanyi wenye bustani, wakubwa kwa wadogo, sikieni. Usipande kitu kwa kuwa unakipenda tu, wala kwa kuwa mchana kuna jua. Ujue kwanza usiku wa mahali pako, maana mmea hauna pango la kukimbilia.

Hadithi yangu imeishia hapo, kwenye migomba. Anayetaka ndizi ashuke mwenyewe.